Kiti cha Julian Bond ni cha Nani?

Jumatatu, tarehe 10 Januari 1966, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, Marekani, walikusanyika mjini Atlanta kula kiapo. Mmoja wao hakuapishwa. Katibu wa Baraza alikataa kumwapisha Julian Bond, kijana wa miaka 25, aliyechaguliwa Juni ya mwaka uliotangulia kwa kura 2,320 dhidi ya 487. Siku hiyohiyo kamati ilikaa kumhoji, kisha Baraza zima likapiga kura: 184 wakataka anyimwe kiti, 12 wakakataa. Hakuwa ameiba mali ya umma wala kununua kura. Alikuwa amesema anaunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam.

Kiti alikipata baadaye, akatumikia bunge hilo miaka ishirini. Wengi wanaomkumbuka wanaikumbuka siku aliyozuiwa, ile miaka ishirini hawaitaji kabisa. Naona hapo tunamdhulumu mbunge wa jimbo, mtu anayetunga sheria za shule, za magereza, za afya na za mipaka ya uchaguzi, mambo yanayomfikia mwananchi kabla ya yale yanayosemwa Washington. Basi nimeiweka hoja hii mezani: Julian Bond aliwafaa watu wake zaidi alipokuwa nje ya mlango wa bunge kuliko alipokuwa ndani. Mwalimu wa historia anaiunga mkono. Wakili, mwanamke aliyebobea katika kesi za uchaguzi, anaipinga. Wa tatu ni diwani mstaafu, aliyewahi kuomba kura akapewa, akaomba tena akanyimwa. Yeye atasikiliza kwanza.

MWALIMU: Mheshimiwa Diwani, nianze na ukoo, maana mtu huyu hakuzuka tu. Babu yake, James Bond, alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1863. Familia inasimulia kwamba alikwenda kwa miguu kama maili mia moja akiswaga ng'ombe wa kulipia ada, mpaka Chuo cha Berea, akahitimu mwaka 1892. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa rais wa kwanza Mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo alichosoma Kwame Nkrumah. Julian alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940. Alipokuwa mtoto mdogo, msomi mkubwa W.E.B. Du Bois mwenyewe alishiriki katika hafla ya kumweka wakfu kwa usomi.

DIWANI: Mtoto wa wasomi, basi. Watu wa namna hiyo huwa hawajui bei ya unga.

MWALIMU: Huyu aliacha masomo kwa ajili ya wasiojua kesho watakula nini, Mzee. Machi 1960 alikamatwa na polisi kwa kuingia na wenzake katika mkahawa wa jengo la manispaa ya Atlanta, ambamo Weusi hawakuhudumiwa. Mwezi uliofuata, mjini Raleigh, kwa mwito wa mwanaharakati Ella Baker, wanafunzi waliunda kamati yao ya kuratibu harakati zisizo za vurugu, SNCC, na Bond akiwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1961 akatoka Chuo cha Morehouse kabla ya kuhitimu, akawa msemaji na mhariri wa harakati. Kijana akipigwa Mississippi au akitiwa ndani Alabama, habari ilifika kwenye meza ya Bond, naye akahakikisha imefika magazetini. Shahada yake aliirudia baadaye, akaipata mwaka 1971. Na zingatia hili: sekondari alisoma shule ya Waquaker, watu wa dini wanaokataa vita vyote. Msimamo wake kuhusu Vietnam haukuwa wa kuokota.

DIWANI: Na Afrika aliijua?

MWALIMU: Aliijua kwa macho. Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alipita Atlanta. Vijana wa SNCC wakaenda hotelini kumwamkia, kisha wakaingia mkahawa wa jirani kudai kahawa, wakakamatwa. Harakati ikatunga wimbo wenye jina lake. Septemba 1964 Bond alikuwemo katika msafara wa SNCC uliokwenda Guinea kwa mwaliko wa Rais Sékou Touré, yeye na Fannie Lou Hamer na John Lewis. Jina la Lewis liwekeni akilini, litarudi.

WAKILI: Mwalimu, umemfikisha Guinea kabla hujatueleza alivyopata kura. Mimi naona kiini kiko hapo. Miaka mingi Georgia ilihesabu kura za mchujo kwa kaunti, si kwa watu. Kaunti tatu ndogo za mashambani zingeweza kulingana na mji wote wa Atlanta. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuvunja utaratibu huo mwaka 1963, na mwaka 1964 ikaamuru mabunge ya majimbo yagawe viti kwa idadi ya watu. Ndipo Atlanta ikaongezewa viti, na mwaka 1965 Weusi wanane wakachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi. Bond aligombea eneo la 136. Lilikuwa na wapiga kura kama 6,500, na takriban 6,000 walikuwa Weusi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka nini. Walimwambia mishahara, naye akaahidi kudai kima cha chini cha dola mbili kwa saa, na kufutwa kwa adhabu ya kifo.

DIWANI: Hapo sasa nimemwelewa. Anayeuliza kabla ya kuahidi amejifunza siasa.

MWALIMU: Tarehe 3 Januari 1966, mjini Tuskegee, Alabama, mwanafunzi aliyewahi kuwa askari wa majini, Sammy Younge, alipigwa risasi akafa baada ya ugomvi wa choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa mwanaharakati wa SNCC. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko. Likasema serikali inadanganya inapodai kupigania uhuru wa Wavietnamu, kama inavyodanganya inapodai kulinda uhuru wa Weusi wa Kusini. Likasema pia linawaelewa vijana wanaokataa kuitwa jeshini. Bond hakuliandika. Mwandishi wa habari alimpigia simu akamuuliza kama analiunga mkono. Angeweza kusema hajalisoma vizuri. Angeweza kusema yeye sasa ni mheshimiwa, aulizwe mwenyekiti. Alisema analiunga mkono.

Msomaji asiipite simu hiyo haraka. Mwanzoni mwa 1966 Wamarekani wengi bado waliamini vita ile, na hata baadhi ya wakubwa wa harakati za haki za kiraia walikuwa wakimwogopa Rais Johnson, aliyetia saini sheria zao. Kijana aliyebakiza siku nne tu aapishwe alikuwa na kila sababu ya kuuma ulimi.

DIWANI: Niruhusuni nilitetee Baraza kidogo, maana hakuna anayelitetea. Bunge si baraza la mtaani, ambapo kila mtu huja na lake na kuondoka nalo. Lina kiapo. Nchi iko vitani, askari wanakufa, na mjumbe mtarajiwa anasema anawaelewa wanaokwepa jeshi. Nilipokuwa diwani, chama kilinifundisha kwamba ukishaingia humo ulimi wako si wako peke yako. Tena kwetu Tanzania, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti chake kinakwenda, Katiba ndivyo inavyosema. Nidhamu si ubaguzi.

WAKILI: Shikamoo, Mzee, lakini hapo hapana. Kiapo chenyewe Bond alikuwa tayari kukila. Hakusema hataitii Katiba ya Marekani wala ya Georgia. Mbele ya kamati alieleza kwamba kadi yake ya kuandikishwa jeshini anayo, hakuichoma, na hajamshauri mtu aichome, ila anaustahi ujasiri wa wanaochoma wakijua gharama yake. Wajumbe 75 waliokuwa wameandika pingamizi dhidi yake walisema hawezi kuapa kwa moyo wa kweli. Hapo sheria inaingia kwenye kifua cha mtu. Ukiruhusu wajumbe walio wengi wapime ukweli wa moyo wa mjumbe wanayemchukia, hakuna mpinzani atakayeapishwa popote duniani.

MWALIMU: Nao walikuwa na mazoea, Mheshimiwa. Mwaka 1868, baada ya vita vya kukomesha utumwa, Georgia ilichagua Weusi 33 kuingia bunge lake. Septemba ya mwaka huohuo bunge likawatoa kwa sababu ya rangi yao. Henry McNeal Turner, kasisi na mjumbe, aliwahutubia wenzake siku hiyo akikataa kuomba huruma kwa haki iliyokuwa yake. Wengine katika hao 33 waliuawa, wengine wakapigwa au kufungwa. Serikali ya shirikisho ikawarudisha mwaka 1870, kisha sheria za ubaguzi zikawapukutisha mmoja mmoja mpaka mwaka 1907 akatoka wa mwisho. Hakukuwa na Mweusi tena katika bunge hilo mpaka Leroy Johnson alipoingia Seneti ya Georgia mwaka 1963. Kwa hiyo nidhamu unayoitaja, Mzee, Georgia iliwahi kuitumia, na walioumizwa nayo ni walewale.

DIWANI: Hilo la 1868 sikulijua. Endelea.

WAKILI: Wananchi wa eneo la 136 wakaitwa kwenye uchaguzi mdogo Februari 1966. Wakamchagua Bond tena. Baraza likamkataa tena. Martin Luther King alikuwa ameongoza maandamano mpaka jengo la bunge mwezi Januari. Kesi ilikwenda mahakama ya shirikisho Atlanta, Bond akashindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Akakata rufaa. Novemba akagombea mara ya tatu, akashinda. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi, majaji wote tisa kwa sauti moja, na Jaji Mkuu Earl Warren ndiye aliyeuandika.

DIWANI: Wakasemaje?

WAKILI: Georgia ilidai kwamba mbunge apimwe kwa kipimo kikali cha utii kuliko raia wa kawaida. Mahakama ikakataa katakata. Ikasema jimbo lina haki ya kudai kiapo, lakini halina haki ya kukitumia kiapo hicho kuwanyamazisha wabunge wanaopinga sera. Kisha ikaongeza jambo ambalo mimi huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka: mbunge anao wajibu wa kusema msimamo wake katika masuala yenye utata, ili wapiga kura wake wajue wamemtuma nani na waweze kumpima. Raia ana hiari ya kunyamaza, Mzee. Mbunge anadaiwa kauli.

Hapa naungana na Wakili bila kusita. Kiti kile hakikuwa cha Spika wala cha wale 184. Hakikuwa cha Bond pia. Kilikuwa cha watu wa eneo la 136, ambao mwaka mzima wa 1966 walilipa kodi Georgia na hawakuwa na mtu wa kuwasemea katika Baraza.

MWALIMU: Mwaka huohuo wa 1966, Mzee, geuza uso wako Nairobi. Odinga, yuleyule aliyeimbwa Atlanta, alijiuzulu umakamu wa rais Aprili, akajiunga na chama kipya cha KPU pamoja na wabunge kadhaa. Ndani ya siku chache bunge likabadilisha Katiba: anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Juni zikafanyika chaguzi ndogo nyingi kwa mpigo, na wengi wa KPU wakaanguka. Odinga alirudi.

DIWANI: Hapo lakini wananchi waliulizwa.

WAKILI: Waliulizwa, na ndiyo maana siweki Nairobi na Atlanta kapu moja. Uwanja haukuwa sawa, serikali ilikuwa na redio, magari na machifu, nami sitasema vinginevyo. Ila jibu la mpiga kura wa Bondo, jimbo la Odinga, liliheshimiwa, Odinga akarudi kukaa. Atlanta waliulizwa Februari, wakajibu kwa sauti kubwa, na Baraza likafanya kama halikusikia. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki.

MWALIMU: Mnanisaidia hoja yangu. Mwaka wote wa 1966 Bond alikuwa nje, na mwaka huo alilitikisa taifa. Alihutubia vyuo vikuu nchi nzima. Mwaka 1967 aliandika kijitabu cha katuni kuhusu Vietnam, ili mtu asiyesoma magazeti ya wasomi aielewe vita. Mahakama ikaacha hukumu inayomlinda kila mbunge wa Marekani. Haya niambieni, huko ndani alifanya nini?

WAKILI: Aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake tu alikutana na mtihani. Uchaguzi wa gavana haukutoa mshindi mwenye kura zaidi ya nusu, na Katiba ya Georgia iliwapa wabunge uamuzi. Mgombea mmoja alikuwa Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyewafukuza Weusi mlangoni kwake kwa bastola na mipini ya shoka. Mwingine, Howard Callaway wa Republican, alikuwa ameongoza kwa kura kama elfu tatu. Bond hakumtaka yeyote. Naibu gavana aliyekuwa akiondoka akamwamuru apige kura. Akakataa, yeye na wajumbe wengine kumi. Maddox akachaguliwa.

DIWANI: Kwa hiyo kura yake ya kwanza kubwa hakuipiga! Binti yangu, mimi wananchi wangu wangenirarua. Callaway angalau hakuwa na shoka.

WAKILI: Wengine walimlaumu hivyo. Mimi nasema kulikuwa na maana yake. Kura ile ilikuwa ya kubariki, na hakuwa tayari kumbariki mtu.

MWALIMU: Mwaka mmoja na nusu baadaye alimjibu Maddox vizuri zaidi, na kumbuka, nje ya bunge. Maddox aliteua ujumbe wa Georgia kwenda mkutano mkuu wa Democratic, Chicago, Agosti 1968. Bond akaongoza ujumbe wa pili, wa Weusi na Wazungu pamoja, wakadai wao ndio halali. Mkutano ukagawa viti nusu kwa nusu. Wajumbe wa Wisconsin wakampendekeza Bond awe mgombea wa makamu wa rais. Akasimama akasema anaondoa jina lake, hajafikisha umri. Alikuwa na miaka 28 na Katiba inataka 35. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni.

DIWANI: Na eneo lake, je? Televisheni haichimbi mtaro.

Mwalimu alinyamaza hapo, na nadhani swali hilo la Diwani ndilo linalouma. Bunge la Georgia hukaa siku zisizozidi 40 kwa mwaka. Bond alikuwa mtu wa kualikwa kila mahali, aliongoza kituo cha sheria cha Southern Poverty Law Center kikianza mwaka 1971, na wapinzani wake walisema anaonekana zaidi viwanja vya ndege kuliko kwenye kamati. Lawama hiyo ilimfuata mpaka mwisho.

WAKILI: Nijibu kwa kazi, si kwa sifa. Alikaa Baraza la Wawakilishi mpaka 1975, kisha Seneti ya Georgia mpaka mwanzoni mwa 1987. Miswada zaidi ya 60 aliyoiwasilisha au kushirikiana kuiwasilisha ikawa sheria. Mmoja ulihusu mpango wa kupima selimundu.

DIWANI: Selimundu? Huo ugonjwa umewaua watoto wa ndugu zangu.

WAKILI: Huohuo, Mzee, na Marekani unawashika hasa watu wenye asili ya Afrika, na miaka mingi haukupewa uzito. Mwingine uliwapa wenye kipato kidogo mikopo ya nyumba yenye riba nafuu. Hakuna aliyemwimba kwa hayo. Ila mtoto aliyepimwa damu mapema na mama aliyepata paa ni watu wa kweli kama wale walioandamana.

DIWANI: Hapo umenishika. Na mipaka ya uchaguzi, je?

WAKILI: Mipaka ndiyo kazi yake kubwa ya bunge, nami nataka niielezee taratibu. Baada ya sensa ya 1980, Georgia ilipaswa kuchora upya maeneo ya kuchagua wabunge wa Washington. Weusi walikuwa zaidi ya robo ya watu wa jimbo, lakini tangu mbunge wao Andrew Young alipoondoka mwaka 1977 hawakuwa na mbunge hata mmoja huko. Bond, akiwa seneta, alitaka Atlanta iwe na eneo moja ambalo Weusi ni wengi kiasi cha kuchagua wanayemtaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Viongozi wa bunge wakachora eneo la tano lenye Weusi asilimia 57, wakijua kwamba wengi wao ni watoto au hawajaandikishwa kupiga kura, kwa hiyo wingi huo ni wa kwenye karatasi.

DIWANI: Ujanja huo tunaujua. Unapewa watu, hupewi wapiga kura.

WAKILI: Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilitaka majimbo ya Kusini yaombe kibali Washington kabla ya kubadilisha mipaka. Kibali kikakataliwa. Kesi ikaenda mahakama ya shirikisho, na mwaka 1982 majaji wakaona wazi kwamba ubaguzi ulikuwa ndani ya mchoro ule. Wakamtaja hata mwenyekiti wa kamati ya mipaka ya Baraza kwamba ni mbaguzi wa rangi. Eneo likachorwa upya, Weusi wakafika takriban asilimia 65. Hayo hayakufanywa na mtu aliyeko barabarani, Mwalimu. Yalihitaji mtu mwenye kiti, anayejua ramani ya kila kata, anayeleta mswada na kushindwa hadharani ili mahakama ione nani alikataa nini. Kushindwa kwake bungeni kulikuwa sehemu ya ushahidi uliotazamwa.

MWALIMU: Na aliyekalia kiti kile ni nani?

WAKILI: Najua unakonipeleka.

MWALIMU: Mwaka 1986 kiti cha eneo la tano kikawa wazi. Bond akagombea, jina lake likijulikana kila nyumba. Mbele yake akasimama rafiki yake wa tangu 1960, John Lewis, aliyekuwa diwani wa jiji la Atlanta, yule niliyewaambia mmweke akilini. Mchujo wa kwanza Bond alipata asilimia 47, Lewis 35. Georgia inataka zaidi ya nusu, wakarudiana. Lewis akadai wote wawili wapimwe mkojo kuonyesha hawatumii dawa za kulevya. Bond akakataa, akisema ni udhalilishaji. Septemba Lewis akashinda kwa 52 dhidi ya 48. Weusi wengi walimpa Bond, Wazungu wa eneo hilo wakampa Lewis kwa wingi. Eneo alilolipigania likamkataa mwenyewe. Urafiki ukavunjika kwa miaka.

DIWANI: Nimewahi kuanguka kwenye uchaguzi. Sitawaeleza inavyokuwa. Lakini Lewis alitembea mtaa kwa mtaa, si kweli?

WAKILI: Kweli. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Alabama, hakuwa na ufasaha wa Bond, akafidia kwa miguu. Na alikaa kwenye kiti hicho mpaka alipofariki Julai 2020. Miaka 33, Mwalimu! Kila mara Lewis aliposimama Washington kusema, alisimama juu ya mipaka iliyodaiwa na Bond. Wewe unaona kejeli ya hatima hapo. Mimi naona mbunge aliyefanya kazi kwa ajili ya wapiga kura kuliko nafsi yake, awe alikusudia au la.

MWALIMU: Naye Bond alirudi kwenye harakati, ambako ndiko nyumbani kwake. Alisimulia filamu ya kumbukumbu ya harakati kwenye televisheni, akafundisha vyuo vikuu, akawa mwenyekiti wa NAACP, shirika la kutetea haki za Weusi, kuanzia 1998 mpaka 2010. Mwaka 2013, akiwa na miaka 73, alikamatwa mbele ya Ikulu ya Marekani katika maandamano ya kupinga bomba la mafuta. Alifariki tarehe 15 Agosti 2015, Florida. Mwanzo wa maisha yake ya umma alikamatwa, na mwishoni akakamatwa. Hapo katikati bunge lilimbana.

WAKILI: Hapo katikati ndipo sheria ziliandikwa. Tazama Tennessee, Aprili 2023. Wabunge wawili vijana Weusi, Justin Jones na Justin Pearson, walifukuzwa na bunge la jimbo kwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi kuhusu bunduki. Kabla wiki haijaisha mabaraza ya wilaya zao yakawarudisha. Hawakusema basi, tubaki barabarani tunapendwa zaidi. Walikitaka kiti, kwa sababu sheria ya bunduki hupigiwa kura humo.

MWALIMU: Na bunge lilelile halikuipitisha waliyoitaka.

WAKILI: Ndiyo. Na kifungu kile cha kuomba kibali cha mipaka, Mahakama ya Juu ilikilemaza mwaka 2013. Ndiyo maana nataka watu wenye kiti, wajue ramani.

DIWANI: Sasa nipeni nafasi, nimekaa kimya kuliko kawaida yangu. Nilianza nikilitetea Baraza la Georgia, na neno hilo nalirudisha. Chama kinaweza kunivua uanachama, nakubali. Lakini wenzangu bungeni wanaponihukumu kwa nilichosema kwenye simu nyumbani kwangu, wananchi walionituma wamefanya kosa gani? Hilo Wakili amenishinda. Kuhusu ile miaka ishirini, Bond alikuwa na upungufu. Alisafiri mno, na mpiga kura hupenda kukuona. Lakini kipimo cha selimundu, mikopo ya nyumba na ramani ya eneo la tano si vitu vya kudharau, Mwalimu, hata kama havijatungiwa wimbo. Juni 1965 ningempa Bond kura yangu. Februari na Novemba 1966 ningempa, tena ningewahi kituoni alfajiri. Mwaka 1986 ningempa Lewis, kwa sababu alikuja mlangoni kuniomba. Hoja yako naikataa.

MWALIMU: Mimi nabaki nayo.

WAKILI: Nami ningempa Bond mara zote nne. Kura mbili kwa moja: hoja imeanguka.